Kituo na Kipokeo: Mbio Ndefu za Wajapani katika Vitabu Viwili

Mfasiri anayekutana na neno la Kijapani ekiden hulazimika kusimama kidogo. Magazeti yetu yangeliita mbio za kupokezana vijiti, na jambo lingekwisha. Lakini katika ekiden hakuna kijiti. Kinachopokezwa ni tasuki, mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani na kukatiza kifuani, mithili ya mgolole uliokunjwa ukawa mwembamba. Neno lenyewe limeungwa kwa mawili: eki, yaani kituo, na den, yaani kupokeza au kufikisha. Ni lugha ya matarishi wa kale waliochukua ujumbe kutoka kituo hadi kituo. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hana haja ya maelezo marefu, kwani maneno hayo mawili anayo nyumbani. Mshororo wa mwisho wa ubeti tunauita kituo. Na kituo kinaporudi bila kubadilika, ubeti kwa ubeti, tunakiita kipokeo. Beti ni nyingi, kila mmoja una kazi yake, lakini kinachozifanya ziwe shairi moja ni kile zinachopokezana.

Makala haya yanahusu vitabu viwili, nilivyovisoma kwa tafsiri za Kiingereza. Cha kwanza ni kumbukumbu za Haruki Murakami kuhusu kukimbia, zilizotoka kwa Kijapani mwaka 2007 na kwa Kiingereza mwaka 2008. Cha pili ni riwaya ya Shion Miura ya mwaka 2006, ambayo jina lake twaweza kulifasiri Upepo Unavuma kwa Nguvu. Tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 2024. Murakami anasomwa dunia nzima. Miura alipendwa zaidi kwao, ambako riwaya yake ilifanyiwa filamu mwaka 2009 na baadaye mfululizo wa katuni. Dai langu ni kwamba anayetafuta kina cha mbio za Wajapani atakipata katika kitabu cha pili, na kwamba humo humo tutajikuta na sisi.

Murakami ni mwandishi stadi na kitabu chake ni cha mtu mnyofu. Alianza kukimbia mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 33. Mwaka 1983 alikimbia peke yake kutoka Athens hadi Marathon, na mwaka 1996 akamaliza kilomita 100 kando ya ziwa Saroma. Anaeleza bila kificho kwamba michezo ya timu haikuwahi kumfaa, na kwamba alikupenda kukimbia kwa kuwa hakuhitaji mwenzi. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Hata hivyo, anayemaliza kitabu hicho huondoka akidhani amewaona Wajapani wakikimbia, kumbe amemwona mtu mmoja. Mwishoni Murakami anatamani jiwe la kaburi lake litaje kwamba angalau hakutembea.

Hapo ndipo Mtanzania anapopaswa kubisha. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka njiani, akaumia goti, na akaingia uwanjani akichechemea, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza marathoni. Akhwari alitembea. Kwa kipimo cha Murakami alishindwa. Kwa kipimo cha ekiden alifanya lililompasa. Aliyebeba jambo lake mwenyewe anaweza kujiwekea sharti la kutotembea. Aliyebeba cha wenzake sharti lake ni kufika.

Kipimo hicho cha pili hakikuzuka hewani. Ekiden ya kwanza ilikimbiwa mwaka 1917, kutoka Kyoto hadi Tokyo, zaidi ya kilomita 500. Mwaka 1920 ikaanzishwa ile ya Hakone, kwa juhudi za Shizo Kanakuri, mkimbiaji aliyeishia njiani katika marathoni ya Stockholm mwaka 1912. Kila tarehe 2 na 3 Januari, vyuo vikuu vya Tokyo na mikoa jirani hukimbia kutoka katikati ya jiji hadi ziwa la milimani na kurudi, zaidi ya kilomita 217. Kila timu ina wakimbiaji kumi, na kila mmoja hukimbia takribani kilomita 20. Nchi nzima hutazama kwa televisheni.

Kanuni mbili zinatosha kuonyesha roho ya mbio hizo. Ya kwanza ni ya mchujo wa Oktoba: chuo hakipimwi kwa kijana wake mwenye kasi kuliko wote, bali kwa jumla ya nyakati za wakimbiaji wake kumi bora. Sekunde ya mtu wa kumi ina uzito ule ule wa sekunde ya mtu wa kwanza. Hiki ndicho kina ninachokizungumzia. Taifa linalotafuta bingwa humtazama mmoja na kuwasahau tisa. Taifa linalojumlisha hulazimika kumlea wa kumi. Kanuni ya pili ni kali zaidi. Timu ikichelewa mno nyuma ya inayoongoza, waamuzi humruhusu mkimbiaji anayesubiri kituoni aondoke bila kumngoja mwenzake, akiwa amevaa mshipi wa kuazima wenye rangi nyeupe na njano. Anayefika sekunde chache baadaye hukuta kituo kitupu, na mshipi wa chuo chake ungali mkononi mwake.

Miura ameielewa kanuni hizi zilivyo, yaani kama kanuni za utungo. Riwaya yake inawakusanya wanafunzi kumi katika nyumba kuukuu ya kupanga. Wengi wao si wakimbiaji: mmoja hupenda vitabu vya katuni kuliko hewa safi, mwingine ni mvutaji wa sigara. Katika sura za mbio zenyewe, Miura humpa kila mkimbiaji sehemu yake ya barabara na, pamoja nayo, sehemu yake ya hadithi. Tunaingia moyoni mwa mmoja tu kwa wakati mmoja, na tunamwacha pale anapovua mshipi. Fani na maudhui yamekuwa kitu kimoja.

Mmoja wa hao kumi ni Musa Kamala, mwanafunzi kutoka Tanzania. Watu wote humwona Mwafrika katika mavazi ya kukimbia na kudhani kwamba kasi amezaliwa nayo. Kumbe Musa amekwenda Japani kusoma sayansi, na hakuwahi kuwa mkimbiaji. Anajifunza kama wengine, kwa maumivu yale yale, hadi anakabidhiwa sehemu ya pili ya njia, ambayo kwa desturi hupewa mkimbiaji hodari wa timu. Kwa kumchora hivyo, Miura ametufanyia wema mkubwa. Ametuondolea sifa ambayo ni tusi lililovishwa nguo nzuri: kwamba mtu wa kwetu hukimbia kama maji yateremkavyo, bila kazi na bila akili. Upungufu wake ni kwamba tunamfahamu Musa kwa upole wake na kwa Kijapani chake cha adabu kuliko tunavyomfahamu kwa kwao. Ana nchi, lakini hana kijiji.

Kosa kubwa zaidi la riwaya ni jingine. Kwamba vijana wengi wasio na mazoezi wafike Hakone ndani ya muda usiotimia mwaka ni jambo gumu kusadikika, na Miura analifunika kwa ucheshi. Pia ameupenda mno mshipi hata hakuuliza unaweza kumlemea nani. Kokichi Tsuburaya, askari aliyepata medali ya shaba katika marathoni ya Tokyo mwaka 1964 baada ya kupitwa ndani ya uwanja mbele ya watu wake, alijiona ana deni kwa taifa zima. Januari 1968 alijiua, akiwa na umri wa miaka 27, na barua yake ya kuaga inawashukuru jamaa mmoja mmoja kwa vyakula walivyompa. Mshipi uleule unaomwinua wa kumi waweza kumzamisha wa kwanza. Mhakiki anayeusifu utamaduni huu bila kumtaja Tsuburaya ameusoma nusu.

Baada ya kusema hayo, turudi kwa Musa asiye na kijiji, kwani Watanzania wa kweli walifika Japani zamani kuliko yeye. Kumbukumbu za riadha zinamtaja Juma Ikangaa kuwa mzaliwa wa Dodoma mwaka 1957. Mwezi Desemba 1983, mjini Fukuoka, aliongoza sehemu kubwa ya njia akiwa na Toshihiko Seko nyuma ya bega lake, na Seko akampita mwishoni: saa 2:08:52 kwa 2:08:55. Kutangulia si kufika. Lakini Ikangaa alirudi. Alishinda Tokyo mwaka 1984, akashinda tena huko huko mwaka 1986, na mwaka huo huo akashinda Fukuoka. Mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01, na huko Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Mara ya kwanza alizidiwa kwa sekunde moja.

Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi, wakaingia ndani ya mfumo wenyewe. Douglas Wakiihuri alifundishwa na Kiyoshi Nakamura, mwalimu yule yule wa Seko, akawa bingwa wa dunia mwaka 1987. Samuel Wanjiru alikwenda kusoma sekondari mjini Sendai mwaka 2002, akiwa kijana wa miaka 15, na mwaka 2008 akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki.

Kisha tarehe 15 Septemba 2025, ndani ya uwanja wa taifa wa Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walivuka mstari kwa saa 2:09:48 wote wawili, na picha ikaamua kwamba Simbu alitangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya riadha ya dunia. Zikaandikwa sifa nyingi, na alistahili. Lakini nyingi nilizozisoma zilimwandika kana kwamba ameshuka kutoka mawinguni.

Hapa ndipo lilipo suala la uhakiki, si la michezo pekee. Beti tunazo. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978; Ikangaa akawa wa pili mwaka 1982; Francis Naali akashinda mwaka 2002 na Samson Ramadhani mwaka 2006. Christopher Isegwe alipata fedha ya dunia mjini Helsinki mwaka 2005, mbele ya Mjapani Tsuyoshi Ogata aliyepata shaba. Simbu mwenyewe alipata shaba mjini London mwaka 2017. Tulichokosa ni kipokeo: mshororo unaorudi, unaomwambia msomaji kwamba hawa ni shairi moja. Kila mmoja ameachwa aanze na mshipi mweupe na njano, ilhali mwenzake yuko njiani akiwa na ule wa kweli mkononi. Sijaona riwaya ya Kiswahili iliyomfanya Ikangaa au mfano wake kuwa mhusika, na ni aibu kwetu kwamba Mtanzania wa ekiden ametungwa na Mjapani.

Ninaandika haya nikiwa Haneti, wilaya ya Chamwino, ambako mvua ni ya msimu mmoja na barabara ni ya vumbi jekundu. Watoto wa hapa huenda mbali kwa miguu, shuleni na kisimani, na wageni huwatazama kama walivyomtazama Musa: wamezaliwa nayo. Hawakuzaliwa nayo. Walicho nacho ni kingine, nacho ni cha sanaa: wimbo wa Kigogo, ambao mmoja huuanzisha na wengine huupokea kwa sauti zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na asiye na sauti nzuri ana nafasi yake humo. Watu waliolelewa katika kupokea namna hiyo hawahitaji kufundishwa maana ya tasuki.

Wanachohitaji ni shule kumi za uwanda huu zikimbie kwa jumla ya nyakati za watoto kumi kumi, badala ya kumtafuta mmoja wa kupeleka mjini. Na kwetu sisi tunaoshika kalamu, bara na visiwani, kazi ni kuyaandika majina ya waliotangulia katika ubeti ulio jirani na wa Simbu, kabla kijana mwingine hajasimama kituoni akiangalia njia tupu.