Anayejua Pa Kusimama

Kiongozi mzuri wa matembezi mtazame anaposimama. Akifika penye la kusemwa, hupita hatua chache mbele, akageuka, akalikabili jua yeye ili wenzake walipe mgongo. Kisha hunyamaza mpaka awasili yule wa mwisho, aliyebaki nyuma akipiga picha.

City, kitovu kikongwe cha London, ndipo pa kuuonea ufundi huo majani yanapopukutika Oktoba. Eneo lote halifiki kilomita tatu za mraba, limejaa mabenki na maghorofa ya vioo, na mgeni anaweza kulikatiza asione bustani hata moja. Zipo, zimejibanza nyuma ya makanisa na kwenye vichochoro.

Chukua St Dunstan-in-the-East. Kanisa hilo liliharibiwa na moto mkubwa wa 1666, likakarabatiwa, msanifu majengo Christopher Wren akalipa mnara mpya, kisha mabomu ya Ujerumani yakalivunja 1941. Mnara ulinusurika, kanisa halikujengwa tena. Kuta ziliachwa bila paa, na mwaka 1971 ikafunguliwa bustani humo ndani. Sasa mimea inatambaa kwenye madirisha yasiyo na vioo. Kiongozi mjuzi hasemi kitu langoni. Huwaacha watu watawanyike, wainue macho kutafuta dari, wakute mawingu. Miaka na majina vitasubiri. Mwanagenzi humwaga yote hapo nje, na watu wakiingia hawana tena cha kushangaa.

Cheapside, kwenye kona ya Wood Street, pana mti mmoja tu, mkubwa, wa jamii ya plane, pale lilipokuwa kanisa lililoungua 1666 lisijengwe tena. Kituo cha dakika tatu. Kipande cha gome lililobanduka kikizungushwa mkono kwa mkono kinatosha. Hotuba ya nini?

Postman's Park ndiko kwenye kazi. Wengi hukimbilia kibanda cha vigae alichokijenga mchoraji G. F. Watts mwaka 1900 kwa heshima ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Kiongozi huchagua kigae kimoja, tuseme cha Alice Ayres, aliyekufa 1885 baada ya kuwatoa watoto watatu kwenye nyumba inayoungua, na vingine anawaachia wasome wenyewe. Halafu anawaambia watazame miguuni. Bustani imeinuka kuliko barabara, kwa sababu hapa palikuwa makaburini, na nafasi ilipokosekana maiti walilazwa juu ya ardhi wakafukiwa kwa udongo. Maziko ndani ya jiji yalipigwa marufuku miaka ya 1850, na sheria ya 1884 ikakataza kujenga juu ya makaburi yaliyofungwa. Wafu ndio waliolinda viwanja hivi. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kuona uwanja wa wazi ukigeuka jengo hahitaji kufafanuliwa.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na mwanzoni mwa Novemba jua huzama kama saa kumi na nusu jioni. Mageti nayo hufungwa giza likiingia. Kwa hiyo kiongozi huanza mapema, na akiona muda unambana hukata kituo kizima, hata kama ndicho alichokisomea usiku kucha, kuliko kuwakimbiza wazee waliolipa ili watembee polepole.