Alama Mbili Kwenye Ukuta wa Mshipa

Jeli tumboni, kifaa kinateleza, namba inaandikwa. Ukiitazama kwa mbali, kupima aota, mshipa mkuu wa damu, kwa ultrasaundi ni kazi ya dakika chache tu. Sogea karibu uone. Mtaalamu haanzi na mshipa wenyewe. Chini ya chembe cha moyo anatafuta pingili ya uti wa mgongo: mstari mweupe wenye kivuli cheusi nyuma yake. Aota hulala mbele ya pingili, kushoto kidogo kwa mgonjwa. Kulia kuna vena kuu, nyeusi vilevile kwenye skrini.

"Mzee, nusa kwa nguvu, mara moja."

Vena inanywea. Aota haijali, inaendelea kudunda.

Gesi ya utumbo ikiziba picha, anagandamiza polepole mpaka utumbo usogee. Ndiyo sababu wengi huambiwa waje bila kula. Kisha unakuja ugumu wenyewe. Mshipa ukikatwa mshazari, duara huwa yai na kipimo kinadanganya, kwa hiyo anazungusha mkono kidogo kidogo hadi duara litimie. Hapo ndipo anagandisha picha na kuweka alama mbili.

Aziweke wapi? Mpango wa uchunguzi wa aota wa Uingereza, unaowaita wanaume wakifika miaka 65, hupima kutoka ukuta wa ndani hadi wa ndani. Kwingine hupimwa nje hadi nje, na tofauti hufika milimita kadhaa. Kwa maoni yangu, ripoti isiyotaja njia iliyotumika ni nusu ripoti.

Kwa watu wazima wengi aota ya tumboni ina upana wa sentimita 2 hivi. Ya wanaume huwa pana kuliko ya wanawake, ya wenye miili mikubwa kuliko ya wadogo, na umri huipanua taratibu. Hata ndani ya mtu mmoja hupungua kadiri inavyoshuka, hadi inapogawanyika karibu na kitovu. Kwa kawaida ikifika sentimita 3 huitwa imetanuka. Lakini mama mwembamba mwenye aota ya sentimita 1.6, ikifika 2.6 imeshazidi mara moja na nusu ya upana wake wa awali, ilhali mzee mrefu anaweza kuwa na 2.6 hiyohiyo bila kuzidi hivyo.

Uingereza, mwenye milimita 29 huruhusiwa bila kuitwa tena. Mwenye 30 hupimwa kila mwaka. Fundi makini akisoma 29 hufuta alama zake, huomba pumzi nyingine, na kupima upya.