Nani Atajibu kwa Damu ya Watu wa Iraq?

Ndugu msomaji, uongozi ni amana, na aliyekabidhiwa amana hana budi kuulizwa. Haya tumefunzwa tangu chuoni. Ama lililo gumu ni hili: mtu aliyepewa amana hiyo kwa kura, akakata shauri likaleta maangamizi, ni nani wa kumwuliza hapa duniani, na amwulize wapi?

Litazame swali hili katika ripoti ya tume ya Sir John Chilcot juu ya vita vya Iraq, iliyotolewa mjini London tarehe 6 Julai 2016. Tume iliundwa mwaka 2009, ikachukua miaka 7, ikatoa majuzuu 12 yenye maneno yapata milioni 2.6.

Kwanza tuipe haki yake. Ripoti haikumung'unya maneno. Imesema kuwa Uingereza iliingia vitani Machi 2003 kabla ya njia za amani kumalizika. Kuwa khabari za silaha za maangamizi zilielezwa kwa yakini isiyokuwako. Na kuwa matayarisho ya baada ya kumwondoa Saddam Hussein yalikuwa duni kabisa. Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliiambia tume kuwa taabu zilizofuata zisingaliweza kujulikana mapema. Tume haikukubali. Khatari ya Wairaq kupigana wao kwa wao, ya jirani kuingilia kati, na ya Al-Qaeda kupata nafasi, zote zilikwisha tajwa kabla ya vita. Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Nahodha aliyekumbwa na tufani ya ghafula ana udhuru. Lakini aliyeambiwa na rubani kuwa mbele pana mwamba, naye akashikilia usukani vile vile, udhuru wake ni upi?

Blair alieleza huzuni na majuto siku ile ile, akashikilia kuwa alikata shauri kwa nia njema. Nia ni baina ya mtu na Mola wake, nasi hatuna mlango wa kuingilia humo. Lakini tabibu ampaye mgonjwa dawa pasi na kumpima, mgonjwa akafa, haulizwi moyo wake ulikuwaje. Huulizwa kwa nini hakupima.

Sasa tazama ilipopungua. Tume haikuwa mahkama, wala haikuamua kama vita vilikuwa halali kisheria. Na baada yake? Novemba 2016 Bunge lilitakiwa lichunguze kama Blair alilipotosha. Likakataa kwa kura 439 dhidi ya 70. Julai 2017 Mahkama Kuu ya London ikakataa ombi la jenerali wa zamani wa Iraq aliyetaka Blair ashitakiwe, kwa kuwa sheria ya Uingereza haina kosa la kuivamia nchi nyingine kwa vita. Na mwaka 2022 ulipoingia, Blair alitunukiwa nishani ya Garter, akawa Sir Tony.

Wala asibebeshwe mzigo peke yake. Tarehe 18 Machi 2003 wabunge 412 waliikubali vita, 149 wakaipinga. Robin Cook, waziri katika serikali hiyo hiyo, alikwisha jiuzulu siku moja kabla. Kwa hiyo kukataa kuliwezekana.

Wako wasemao kuwa hukumu ya mwanasiasa ni sanduku la kura. Sanduku hilo mwaka 2005 lilimrudisha Blair madarakani. Na hata lingalimwangusha, lisingalitosha. Askari 179 wa Uingereza walikufa, na jamaa zao walikuwa na kura. Chilcot mwenyewe alitaja Wairaq wasiopungua 150,000 waliokufa hadi Julai 2009, wengi wao raia, na zaidi ya milioni moja waliohama makwao. Hao hawakuwa na kura London. Sanduku humsikia mwenye kadi. Mama wa Basra halimjui.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alikhofu kuulizwa juu ya mnyama atakayejikwaa katika ardhi ya Iraq kwa kuwa njia haikusawazishwa. Ardhi ni ile ile, na safari hii waliojikwaa ni wanaadamu.

Utasikia pia kuwa viongozi wakikhofu kushitakiwa hawatathubutu kukata shauri. Hapana. Aliyeuliza, akapima, kisha akakosea, ana udhuru wake. Anayetakiwa kujibu ni yule aliyeonywa akapita.

Basi, msomaji, ajapo mwombaji kura barazani kwako, mkaribishe kahawa, kisha umwulize mambo matatu: kabla ya kukata shauri utamsikiliza nani, ukionywa utafanyaje, na aliyedhurika asiyekuwa na kura akushitaki wapi? Akishindwa na la tatu, bado hajajua maana ya amana anayoiomba.