Nafasi ya Ringi

Mzee aliisukuma ringi mpya ndani ya silinda, akaisawazisha kwa kichwa cha pistoni, kisha akachomeka fila geji kwenye mwanya uliobaki kati ya ncha zake mbili. Bati la milimita 0.40 lilipita kwa shida. Akaitoa ringi, akachukua tupa ndogo, akasugua ncha moja taratibu, kuelekea upande mmoja tu, akafuta, akarudisha, akapima. Akatoa tena. Nilihesabu mara saba mpaka bati la 0.50 likapita kwa mkwaruzo aliokuwa akiutafuta. Hiyo ilikuwa ringi ya kwanza ya silinda ya kwanza, na silinda zilikuwa nne.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya gereji, si mbali na stesheni ya Tabora. Ilikuwa Oktoba, jua la kupasua kichwa, mvua bado. Magari hufunguliwa nje chini ya mwembe, na wateja hungoja hapohapo, lakini injini haifungwi nje. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji ili vumbi lilale, na dirishani palitundikwa khanga kuukuu iliyoloweshwa. Vumbi la kiangazi la Unyamwezi ni laini kama unga wa muhogo, na likiingia kwenye oili husaga beringi kama msasa.

Gari lilikuwa limevutwa kutoka Nzega. Mwenyewe ni kijana wa Mwanza, na injini yake haikuwa ya kawaida: Subaru EJ20 yenye tabo, iliyobadilishwa krenki na fundi mmoja wa mji mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ilianza na nini?"

"Moshi wa bluu, mzee. Halafu ikakosa nguvu. Halafu ikawa inatema oili."

Pistoni zilipotolewa, moja ilikuwa imemeguka kati ya ringi ya juu na ya pili. Mzee hakukitazama sana kile kipande. Aliokota ringi, akaigeuzia mwangani. Ncha zake mbili ziling'aa kama sarafu mpya.

"Ziligusana," alisema.

Ringi ikipata moto hurefuka. Isipoachiwa nafasi, ncha hukutana, ringi inakosa pa kwenda, inauma ukuta wa silinda na kuimega pistoni. Injini ya tabo hushindiliwa hewa na mafuta mengi, moto wake ni mkali zaidi, kwa hiyo inadai nafasi kubwa kuliko injini isiyo na tabo. Aliyeifunga mwanzo alibana, labda akiamini kwamba mwanya mdogo ndio unaoziba vizuri. Injini ilimwonyesha shukrani kwa miezi michache, ikivuta vizuri, kisha ikafa njiani.

Tangu siku ile nimelipenda neno hili, nafasi. Kwa Mzee halina mbadala. Kati ya krenki na beringi zake kuna nafasi ya kama milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele wa binadamu, na humo ndimo oili huingia kwa presha na kuibeba krenki chuma kisiguse chuma. Ikizidi, presha ya oili inashuka. Ikipungua, oili haipenyi. Pistoni za kufuliwa, ambazo wenye magari ya mbio huzipenda kwa uimara wake, hutanuka zaidi zikipata moto, nazo zinataka nafasi yake. Kazi yote ya kufunga injini ya nguvu, nionavyo mimi, ni kujua mahali gani pa kuacha wazi na kwa kiasi gani.

Na ile krenki? Ya EJ20 huipa pistoni mwendo wa milimita 75, ya EJ25 milimita 79. Kijana alikuwa amewekewa ya pili ndani ya bloku ya kwanza, injini ikapanda kutoka lita 2.0 hadi 2.1. Milimita nne unaweza kuzidharau. Lakini injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, kila pistoni huenda na kurudi zaidi ya kilomita moja katika dakika hiyo, na katika umbali huo husimama kabisa mara 14,000, mwisho huu na mwisho ule, na kuanza upya. Kwa reli Tabora iko kama kilomita 840 kutoka Dar es Salaam. Pistoni ile ingezimaliza kwa saa kumi na tatu hivi, ikikatishwa mwendo na kurushwa upya kila mahali. Mzigo wote wa kuizuia na kuirusha unabebwa na konrodi na boliti zake mbili. Ukirefusha mwendo, umeziongezea mzigo.

Mji huu ulijua habari ya mizigo kabla ya reli kuufikia mwaka 1912. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, kiasi cha frasila mbili kwa mtu, na safari ya kutoka pwani hadi hapa ilichukua miezi mitatu hivi. Penye ukame walipiga tirikeza, mwendo mrefu wa mchana wa kukimbilia maji ya kesho yake. Lakini msafara haukupiga tirikeza kila siku. Kirangozi aliyetangulia mbele ndiye aliyejua leo watu wasukumwe kiasi gani na kesho wapumzishwe wapi. Nikimtazama Mzee na tupa yake, namwona kirangozi.

Wenye Land Cruiser humjia wakitaka tabo kwenye injini yao ya 1HZ. Anawajibu kwa upole, na mara nyingi anakataa. 1HZ na nduguye 1HD-T zina silinda sita sawa, kipenyo kilekile cha milimita 94 na mwendo uleule wa 100, karibu lita 4.2. Lakini 1HD-T ilizaliwa na tabo, ikapewa pistoni na hedi zake. 1HZ huwashia moto kwenye chemba ndogo ndani ya hedi, na ukiishindilia hewa kupita kiasi, hedi hupasuka hapohapo. Anawaelewa wanaotaka. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, na gari lililopakia tumbaku linalisikia hilo kila mlima. Tabo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliiombea hataza mwaka 1905, hurudisha hewa hiyo na kuongeza nyingine juu yake.

Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Subaru, tuliimba jina lake. Hatukuuliza nani alizipima ringi za injini ile. Nasikitika kwamba hatukuuliza.

Kijana alitaka tabo yake ishindilie baa 1.5. Mzee aliifunga kwenye 1.0.

"Mzee, si injini inaweza?"

"Inaweza. Hiyo iliyobaki ni ya kukurudisha nyumbani."

Akamwambia kilomita 1,000 za kwanza asikanyage, na akifika popote asizime injini papo hapo. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili. Ukizima ikiwa bado ya moto, oili inasimama na kuungua kwenye beringi zake, inakuwa masizi magumu.

Baada ya mwaka na zaidi nilikuwa chini ya mwembe ule gari lilipoingia, likielekea Kigoma. Kijana hakuzima. Alishuka, akaamkia, akasimama mikono nyuma huku injini inanguruma taratibu, dakika ya kwanza, ya pili. Mzee alipotikisa kichwa ndipo akazima, na tukaisikia tabo ikimalizia mzunguko wake, mluzi mwembamba ukififia.

Wakangoja oili ishuke. Mzee akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akatoka nacho kivulini mpaka juani. Akalitandaza doa kwa kidole gumba, akaligeuza huku na huku akitafuta chembe za chuma zinazometa.

"Umekwenda ngapi?"

"Elfu thelathini na moja, mzee."

Akaendelea kuligeuza doa juani, kisha akakunja kitambaa.