Uzee katika Vipindi vya Erikson

Kitabu cha Erik Erikson kiitwacho Childhood and Society, kilichotoka mwaka 1950, chagawa maisha ya mtu katika vipindi 8, na waalimu wengi wamefundishwa hivyo vyuoni. Twakisifu kwa habari za utoto. Mwandishi alikwenda kwa Wasioux wa South Dakota na Wayurok wa California, akapeleleza jinsi mtoto anyonyeshwavyo na kuachishwa ziwa, akaonyesha ya kuwa desturi hizo zina maana yake.

Lakini na tuhesabu. Vipindi 5 vyaisha pamoja na ujana. Umri wote uliosalia umepewa 3 tu, na cha mwisho ni uzee, ambapo mtu huyatazama maisha yake, akaridhika nayo au akakata tamaa. Mwandishi alikuwa hajatimiza miaka 50 alipoyaandika hayo. Amemwona mzee akaaye barazani akikumbuka. Hakumwona asiyeweza tena kuinuka mkekani. Kwetu wa kwanza ni mzee, wa pili ni kikongwe. Mzee huombwa shauri, kikongwe hulishwa.

Aliyesahihisha ni mkewe Joan, mwenye miaka zaidi ya 90, mumewe akiisha kufa mwaka 1994. Katika chapa ya mwaka 1997 ya The Life Cycle Completed aliongeza kipindi cha 9: mwili ukidhoofika, mashaka yote ya tangu utotoni hurudi, hata lile la kwanza, la kutumaini. Hapo twamsadiki. Twazuru wagonjwa, na ajuza hutushika mkono asiuachie, kama mtoto mchanga.