Nguva Aliyeuza Sauti: Ngano, Katuni na Sinema ya Watu Halisi

Makala hii haikuanzia darasani. Ilianzia sebuleni kwa bibi yangu, Kilwa Kivinje. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua wapo wasomi wenzangu watakaouliza sinema ya Marekani imeingiaje katika jarida la uhakiki wa fasihi. Imeingia kwa flashi, jamani. Wakati wa likizo ya mwaka 2024 binamu yangu alikwenda laibrari ya muvi akaingiziwa The Little Mermaid, ile ya mwaka 2023 iliyochezwa na watu halisi, nakala iliyotiwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili. Tukaitazama usiku, watoto mkekani, bibi kitandani. Sinema ilipopita nusu bibi akauliza: "Si huyu kauza sauti yake? Mbona namsikia anaimba?"

Mtoto mmoja akamjibu: "Anaimba moyoni, bibi."

"Ya moyoni hayasikiki," akasema bibi, tukaendelea kutazama.

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na hoja ya makala hii imetoka humo. Naona kwamba sinema ya watu halisi, inapoirudia katuni yenye nyimbo, huupoteza wimbo kama nguzo ya ngano, hata pale inapoongeza idadi ya nyimbo. Pia naona kwamba video zetu za kutafsiriwa, ambazo wengi wetu tunazitetea kama ushindi wa Kiswahili, zinaupoteza wimbo huo mara ya pili.

Tuanze na kisa chenyewe. Hans Christian Andersen wa Denmark alikichapisha mwaka 1837. Binti wa baharini anampenda mwana wa mfalme, anataka miguu, na mchawi anamkata ulimi kama malipo. Mwana wa mfalme anaoa mwingine, binti anageuka povu, kisha anakuwa miongoni mwa roho za hewani. Mwaka 1989 kampuni ya Disney ilitoa katuni iliyoongozwa na Ron Clements na John Musker, muziki wa Alan Menken na maneno ya Howard Ashman. Humo ulimi haukatwi, sauti tu ndiyo inayochukuliwa, na mwisho wake ni harusi. Mwaka 2023 Rob Marshall akairudia kwa watu halisi, Halle Bailey akiwa ndiye Ariel. Katuni ina dakika 83, sinema ina dakika 135. Dakika hizo 52 za ziada tutazirudia.

Sasa, wimbo una kazi gani katika ngano? Edward Steere, aliyekusanya hadithi za Waswahili kule Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, aliligusa jambo hili katika utangulizi wake. Aliona kwamba hadithi za watu wa kawaida huwa na kiitikio ambacho wote hukiimba pamoja, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika vipande hivyo vya wimbo. Msimulizi huviunganisha kwa maneno anayoyabuni papo hapo. Kwa maneno mengine, maelezo ndiyo yanayobadilika, wimbo unabaki. Naye Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika Mulika namba 21 mwaka 1989, anatukumbusha kwamba fasihi simulizi ni tukio, lenye fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Tukiziweka hoja hizi mbili pamoja tunaona kwamba wimbo ndio mahali ambapo hadhira inaingia ndani ya ngano. Anayeitikia si mtazamaji tena.

Mwaka huohuo wa 1989 ndipo ilipotoka katuni tunayoijadili. Sidai kwamba Ashman aliwahi kumsoma Steere. Nadai kwamba alifika mahali palepale kwa njia ya ukumbi wa michezo ya nyimbo, alikotoka. Tazama mpangilio wake. Wimbo wa kwanza wa Ariel ndio unaotupa haja yake, na bila huo hatujui anatafuta nini nchi kavu. Kaa Sebastian anapotaka kumzuia, anamzuia kwa wimbo. Mchawi Ursula anapomshawishi, anamshawishi kwa wimbo, na biashara yenyewe inafungwa katika wimbo: binti anaimba, sauti inamtoka kooni inaingia ndani ya kombe. Tangu hapo ananyamaza. Unapofika wakati wa busu kule mtoni, wengine ndio wanaoimba kwa niaba yake. Inajulikana kwamba baada ya katuni kujaribiwa mbele ya watoto, mkubwa wa studio, Jeffrey Katzenberg, alitaka ule wimbo wa kwanza ukatwe kwa kuwa watoto walitapatapa. Ashman alikataa, na alikuwa na haki. Huwezi kukata mfupa.

Zingatia kwamba ukimya wa Ariel baada ya pale nao ni fani. Tumesikia sauti nzuri, imeuzwa, na sasa tunaikosa sisi pamoja naye. Bei ya biashara ile tunailipa wote.

Katika sinema ya 2023 ziliongezwa nyimbo tatu, na mmojawapo ni wa Ariel mwenyewe, baada ya kuuza sauti. Midomo imefungwa, wimbo unasikika kama mawazo yake. Hapo ndipo bibi alipouliza. Watetezi watasema kwamba mhusika mkuu wa kike hapaswi kukaa bubu kwa nusu ya sinema, na hoja hiyo ina uzito. Hata kwingine sinema hii inampa binti uwezo zaidi: katika katuni aliyemwua Ursula kwa merikebu ni Eric, katika sinema ni Ariel. Badiliko hilo nalikubali kabisa. Lakini la wimbo wa moyoni silikubali. Kwani amelipa nini sasa? Katika ngano bei ni bei. Aliyeambiwa asigeuke nyuma, akigeuka anapata la kumpata. Ukimrudishia mtu kwa mlango wa uani kile alichokiuza mlango wa mbele, umeivunja ngano, hata kama umefanya hivyo kwa nia njema ya kimaudhui. Fani haikuwa chombo tu cha kubebea dhamira. Dhamira yenyewe ilikuwa ndani ya ule ukimya.

Nadhani kosa hili si la bahati mbaya. Linatokana na uamuzi wa kuifanya ngano ionekane kweli. Katuni haidaiwi maelezo, ni kama "paukwa" na "pakawa": ukishaitikia umekubali samaki aseme. Picha inayofanana na kweli inadaiwa. Sebastian wa mwaka 1989 ana macho makubwa na mdomo wa kutetemeka. Wa mwaka 2023 ametengenezwa kwa kompyuta afanane na kaa hasa, na uso wa kaa hasa hauonyeshi hofu wala aibu. Watoto wetu walimtambua mara moja: "Kaa wa pale mikokoni huyu!" Walicheka kwa kumtambua, si kwa alichokisema. Na mtafsiri alipomwita Ariel nguva, bibi alikataa katakata. Maji ya kati ya delta ya Rufiji na Kilwa ni miongoni mwa sehemu chache nchini ambako nguva bado hupatikana, na bibi anamjua nguva kuwa mnyama mkubwa wa kijivu anayenyonyesha na kunaswa katika majarife, si msichana wa kusuka. Kwa katuni asingebisha. Picha ndiyo iliyomwalika abishe.

Mimi pia nilikuwa na la kubisha. Watengenezaji wameuweka ufalme wa Eric katika kisiwa chenye sura ya Karibiani, chenye malkia mweusi aliyemlea Eric, soko, merikebu, na watu wa rangi zote wakicheza ngoma. Ni nia nzuri, na Halle Bailey amestahili nafasi yake. Lakini mtazamaji aliyekaa Kivinje, mji uliokuwa bandari kubwa ya watumwa katika karne ya 19, akiona weusi wengi kisiwani ng'ambo ya bahari katika enzi ya matanga, atauliza wamefikaje. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1000 kila mwaka. Merikebu kwetu zina historia. Katuni ingesema tu "hapo zamani za kale" na tungeridhika. Sinema imechagua uhalisia, kisha imechukua mavazi na mandhari ya uhalisia huo na kuiacha historia yake nje. Dakika 52 zote zile, na hakuna hata moja ya swali hilo.

Mpaka hapa nimeilaumu Marekani, jambo ambalo ni rahisi. Sasa nijilaumu na mimi. Niliporudi chuoni niliitafuta nakala isiyotafsiriwa, nikaisikiliza kwa hedifoni. Nilishtuka. Sauti ya Halle Bailey ndiyo kitu bora kuliko vyote katika sinema ile. Katika wimbo wa kwanza anapanda taratibu, anazuia, kisha anaiachia pale penye haja. Kivinje sikuyasikia hayo, maana mtafsiri alikuwa akitueleza juu yake kwamba binti anatamani kuishi na watu. Nilikuwa nimemhukumu mwimbaji ambaye sikuwa nimemsikia.

Mtafsiri wa video simbezi. Ni fanani kwelikweli: anatania, anaonya, anawapa wahusika maneno ya Kariakoo, na bibi asiyejua Kiingereza anafuata kisa chote. Tatizo ni la kiufundi na la kiuchumi. Yeye anaongea juu ya nakala iliyokwisha kamilika, ambamo maneno, nyimbo na ala vimechanganyika. Akipandisha sauti yake lazima azishushe zote. Kampuni yenyewe inapotafsiri hupewa muziki peke yake, na nyimbo huimbwa upya. The Lion King ya mwaka 1994 ilifanyiwa hivyo kwa Kizulu. Kiswahili, kilichoipa katuni hiyo majina ya Simba na Rafiki, hakikupata nafasi hiyo wakati ule. Basi lugha yetu imepewa kazi ya kueleza, kuimba wamepewa wengine. Binti anauza sauti kwa Ursula, halafu tunamnyang'anya tena sisi, na mtoto wa Kivinje anakua akijua kwamba hadithi ni maelezo, na wimbo ni pale ambapo mtafsiri anaongea zaidi.

Napendekeza jambo dogo. Tuna wanafunzi wa fasihi na tuna wanafunzi wa muziki, chuo kimoja. Tuchukue wimbo mmoja wa katuni ya zamani, tuutafsiri uimbike, tuuimbe, tuone Kiswahili kinafanya nini na mizani ile. Sambamba na hilo, atakayekwenda likizo Kilwa au Lindi arekodi ngano pamoja na nyimbo na viitikio vyake, asiandike maelezo tu na kuweka mabanoni "hapa anaimba", kama tulivyozoea kufanya katika tasnifu zetu.

Nikirudi Kivinje nitamwambia bibi kwamba binti anaimba kwa sababu waliotengeneza sinema waliuogopa ukimya wake. Sijui kama atakubali. Anayeona nimekosea, na aandike katika toleo lijalo.