Njia ya Mzigo

Mchoro wa boriti sahili hauna pambo lolote. Ni mstari mmoja mnyoofu, pembetatu ndogo chini ya ncha ya kushoto, kiduara chini ya ncha ya kulia, na mishale inayoshuka kutoka juu. Pembetatu ni egemeo lisilosogea. Kiduara ni egemeo linaloiachia boriti itanuke na kusinyaa kwa joto bila kuusukuma ukuta. Mwanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na ya Bibi Titi Mohamed, huuchora mchoro huo mwanzoni kabisa mwa masomo yake, na mhandisi aliyekula chumvi nyingi bado huuchora pembeni mwa karatasi kabla hajaandika tarakimu hata moja. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kariakoo, ambako maghorofa yamepanda kwa kasi juu ya viwanja vilivyokuwa na nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ua. Kila moja ya maghorofa hayo lilipaswa kuanzia kwenye mstari ule. Kazi ya kuufuata mstari huo hadi mwisho ndiyo ninayotaka kuisifu, kwa sababu anayeifanya vizuri haonekani, na jengo lake halimtaji.

Hesabu inaanza na swali ambalo wapagazi wa Mtaa wa Kongo, hapo Kariakoo, hulijibu kwa mabega. Chukua robota la kilo 90 lililoning'inizwa kwenye mpiko wa mita 3, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma. Kamba ikiwa katikati, kila mmoja ana kilo 45. Kamba ikiteleza hadi mita 1 kutoka kwa wa mbele, yeye anabeba 60 na mwenzake 30. Hakuna kilo iliyoongezeka wala iliyopotea, imehama tu. Mabega yao ndiyo maegemeo, na ile kani inayosukuma juu kutoka begani ndiyo mhandisi anaiita mjibizo. Archimedes aliieleza kanuni ya wenzo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na masharti hayajabadilika: kani zinazopanda zilingane na zinazoshuka, na nguvu za kuzungusha upande mmoja zilingane na za upande wa pili. Masharti mawili yanatosha kupata mijibizo miwili.

Mijibizo ikishapatikana, ndipo ufundi unapoanza. Mhandisi anaikata boriti kwa fikra, mahali popote anapotaka. Anakiondoa kipande cha kulia na kubaki na cha kushoto. Kipande hicho, chenye mjibizo chini yake na sehemu ya mzigo juu yake, kingeachwa peke yake kingesogea na kupinduka. Lakini ndani ya jengo kimetulia. Basi kwenye uso ule uliokatwa lazima pawepo kitu kinachokishika: kani inayokizuia kupanda au kushuka, ndiyo kani ya mkato, na nguvu ya kuzungusha inayokizuia kupinduka, ndiyo momenti ya kupinda. Ukubwa wa vyote viwili anaupata kwa kujumlisha, kutoa na kuzidisha umbali. Kisha anausogeza mkato mbele kidogo na kuuliza tena, halafu tena, mpaka boriti nzima iwe imejibu.

Hakuna jicho lililowahi kuiona momenti ya kupinda. Inajulikana kwa sababu bila yake utulivu tunaouona usingekuwepo. Mimi huiona njia hii ya kufikiri kuwa miongoni mwa vitu safi kabisa ambavyo akili ya binadamu imewahi kuvipata, na kinachonivuta zaidi ni kwamba inatosha penseli na karatasi ya miraba.

Haikuja kwa wepesi. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alichora boriti iliyochomekwa ukutani kwa ncha moja na kuning'inizwa mzigo kwenye ncha ya pili, akajaribu kueleza mahali na namna itakavyovunjika. Swali lake lilikuwa sahihi, lakini alidhani nyuzi zote za boriti zinavutwa, kumbe zilizo juu zinavutwa na zilizo chini zinagandamizwa, na kati yake kuna tabaka lisilovutwa wala kugandamizwa. Coulomb alilirekebisha jambo hilo mwaka 1773, na Navier akalipanga vizuri katika mafunzo yake ya mwaka 1826. Karibu miaka 200 kwa boriti moja.

Majibu ya kila mkato huchorwa. Kwa mzigo uliosambaa sawasawa juu ya boriti sahili, mchoro wa kani ya mkato ni mkubwa kwenye maegemeo na sifuri katikati, na mchoro wa momenti ni kinyume chake: sifuri kwenye ncha, kilele katikati. Sasa panda kwenye jengo linalojengwa uangalie fundi nondo anavyosuka. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo nondo nene zinalala chini, katikati ya boriti, ambako momenti inalivuta zege. Ringi, zile pete za chuma zinazozifunga nondo, zimebanana karibu na nguzo, ambako mkato ni mkubwa, kisha zinaachana kadiri unavyoelekea katikati. Fundi amekiweka kwenye chuma kile ambacho mhandisi alikiweka kwenye karatasi, na mwenye kujua anaweza kuzisoma nondo hizo kabla zege halijamwagwa akaona momenti ilipo. Baada ya hapo hakuna atakayeisoma tena.

Tuhesabu boriti moja. Urefu kati ya nguzo ni mita 5, nayo inabeba ukanda wa sakafu wenye upana wa mita 3. Zege lenye nondo lina uzito wa kilonewtoni 25 kwa mita moja ya ujazo, na kilonewtoni 1 ni kama mifuko 2 ya saruji. Sakafu ya milimita 150 inatoa 3.75 kwa kila mita ya mraba. Vigae na plasta vinaifikisha 5. Zidisha kwa mita 3, ongeza uzito wa boriti yenyewe, unapata kilonewtoni 17 kwa kila mita ya urefu. Huo ni mzigo wa kudumu. Kama ghorofa hiyo ni makazi, kanuni za Uingereza ambazo zimetumika sana nchini kwetu zinataka kuongeza 1.5 kwa mita ya mraba kwa ajili ya watu na vitanda vyao, yaani 4.5 kwa mita ya boriti. Jumla ni 21.5. Kila egemeo linapata kilonewtoni 53.8, na momenti ya katikati, ambayo ni mzigo wa kila mita mara urefu mara urefu, kugawa kwa 8, ni kilonewtoni-mita 67.2.

Mhandisi mwangalifu haridhiki na hizo. Anazidisha mzigo wa kudumu kwa 1.4 na ule wa watu kwa 1.6, na momenti ya kusanifia inafika 96.9. Nafasi hiyo kati ya 67 na 97 ni ya asiyoyajua: zege lililochanganywa vibaya siku moja, kabati zito, harusi ya ghafla.

Halafu jengo linapata mpangaji mwingine. Kariakoo ni soko, na chumba kilichohesabiwa kwa kitanda na meza kinageuka stoo. Marobota ya vitenge na mitumba yanapangwa hadi karibu na dari. Kanuni zilezile zinahesabu stoo kwa 2.4 kwa mita ya mraba kwa kila mita ya kimo cha shehena. Ikipangwa mita 3, ni 7.2. Rudia hesabu: boriti sasa ina kilonewtoni 38.6 kwa mita, na momenti ya kila siku ni 120.6. Imeipita hata ile iliyokwisha kuongezwa tahadhari. Hakuna aliyekosea siku ya ujenzi. Mzigo umebadilika na karatasi haikufunguliwa tena. Na mjibizo wa kila boriti haukai pale ulipo, unaingia kwenye nguzo, ukapokewa na nguzo ya chini yake, mpaka msingi.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani, na watu zaidi ya 20 wakafa. Miaka 11 kabla ya hapo, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua zaidi ya 30. Kila jengo lina kisa chake na wachunguzi wake. Mimi nazitaja tarehe hizo kwa sababu ndizo zinazonifanya nisiweze kuitazama hesabu ya boriti kama somo la darasani tu.

Pwani yetu iliijua sheria ya urefu zamani, kabla ya kuiandika. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu vyembamba, upana wake mara nyingi mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu ndiyo nafasi ambayo mti wa mkoko uliweza kuivuka ukiwa na dari ya mawe na chokaa juu yake. Majahazi yalipakia boriti hizo kutoka Rufiji na Lamu yakazipeleka Omani na Ghuba, na huko nako vyumba vikapata upana uleule. Momenti hukua kwa mraba wa urefu: ukiongeza urefu maradufu, momenti inakuwa mara nne. Mkoko haukuhitaji kuambiwa.

Baraza linalotokeza juu ya njia ya miguu linataka akili nyingine. Limeshikwa upande mmoja tu, kama boriti ya Galileo, na kwa urefu uleule na mzigo uleule momenti yake ni mara nne ya boriti yenye maegemeo mawili. Isitoshe imegeuka: kinachovutwa ni juu. Nondo zake lazima zilale juu, na hapo kazi ya siku nzima inaweza kuharibika kwa viatu. Wamwaga zege wakizikanyaga zikashuka sentimita kadhaa, baraza litaonekana zima kabisa na litakuwa limepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Ndiyo maana msimamizi mzuri husimama pale zege linapomwagwa, na haondoki.

Anayetaka kuona mchezo huu ukichezwa kwa ukubwa autazame paa la soko la Kariakoo lenyewe, alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Ni miavuli ya zege iliyofunguka kuelekea juu, kila mmoja kwenye nguzo yake, ikiyakusanya maji ya mvua na kuyateremsha chini. Bawa la kushoto la mwavuli linataka kuiangusha nguzo kushoto, la kulia linataka kuiangusha kulia, na momenti hizo mbili zinamalizana kichwani mwa nguzo. Nguzo inabaki na uzito ulionyooka, mpaka upepo uje upande mmoja.

Sasa turudi kwenye boriti, na nguzo ya kati ya duka moja. Mwenye duka anaigusa kwa kiganja na kusema, "Injinia, hii inanilia nafasi." Ana nguzo tatu kwa mstari, mita 5 na mita 5, na boriti moja inayopita juu ya zote. Hapa yale masharti mawili hayatoshi tena, maana mijibizo ni mitatu. Mwaka 1930 Hardy Cross, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha kurasa chache zilizowapa wahandisi wa dunia nzima njia ya kulitatua hilo kwa mkono. Unajifanya maungio yote yamefungwa yasizunguke, kisha unayafungua moja baada ya jingine, na kila unapofungua, nusu ya ulichokiachia inahamia upande wa pili.

Kwa boriti yetu ya makazi, kila ncha iliyofungwa ina momenti ya 44.8. Fungua ncha ya nje, na 22.4 inahamia katikati. Juu ya nguzo ya kati sasa kuna 67.2 kutoka kila upande, zimesawazika, kazi imekwisha. Mijibizo inafuata: nguzo ya nje 40.3, ya kati 134.4, ya nje 40.3. Jumla 215, ambayo ni mzigo wa mita 10 bila kupungua. Zaidi ya nusu ya mzigo wote umeshikwa na ile nguzo inayokula nafasi, na juu yake nondo zimelala upande wa juu wa boriti, kwa kuwa hapo ndipo panapovutwa. Ikikatwa, urefu unakuwa mita 10, momenti ya mahali hapohapo inafika 268.8 na kugeuka, ikivuta chini, ambako chuma ni haba. Mhandisi anamwonyesha mwenye duka karatasi hiyo, safu kwa safu. Akiitaka kweli nafasi ile, itabidi kwanza dari ishikwe kwa mirunda, boriti ya chuma ipitishwe chini ya ile ya zege, na nguzo za pembeni pamoja na misingi yake zihesabiwe upya kwa ghorofa zote zilizo juu, kwa maana kutoka sakafu hii peke yake kila moja, iliyokuwa na 40.3, sasa itapokea 107.5.